Thimlich Ohinga: Ni magofu, mahame au mji?

Nilipokuwa kisiwani Takawiri hivi majuzi, mvuvi mmoja wa makamo alinikosoa Kiswahili changu. Tulikuwa ufuoni tukisubiri boti ya kwenda Mbita, nami nikamwambia kwamba kutoka huko ningeshika njia ya kusini hadi Migori, nikayaone magofu ya Thimlich Ohinga. "Japuonj," akaniita, yaani mwalimu kwa Dholuo, "gofu si nyumba iliyoanguka? Zile kuta mbona bado zimesimama?"

Nilijitetea kwamba ndivyo vitabu vinavyosema. Akacheka tu, akaendelea kushona wavu wake.

Kusema kweli, alikuwa na hoja. Kuta za Thimlich Ohinga zimejengwa kwa mawe matupu, bila saruji wala udongo wa kuyashikanisha, na zinakisiwa kuwa za karne ya 16. Kimo chake ni kati ya mita 1.5 na 4.5, na unene wake ni mita moja hadi tatu. Fundi alipanga mawe makubwa upande wa nje na upande wa ndani, kisha akajaza katikati kwa mawe madogo. Malango ni mafupi, hivyo anayeingia sharti ainame. Adui aliyeinama hana nguvu, na mgeni aliyeinama ameshatoa heshima kabla hajafungua kinywa. Ndani walikaa watu na mifugo yao, ukoo kwa ukoo, na palikuwa na mahali pa kufua chuma. Boma kubwa zaidi linaitwa Kochieng; mengine ni Kakuku, Koketch na Koluoch.

Sasa hebu tutazame maneno. Kiswahili kina msamiati mpana wa mahali palipoachwa na watu. Gofu ni jengo lililobomoka. Mahame, kutokana na kitenzi hama, ni mahali ambapo watu wamehama, hata kama nyumba zingali nzima. Ganjo nalo liko karibu na mahame, ila siku hizi hulisikii sana nje ya kamusi. Tunapopaita Thimlich magofu tunatazama mawe. Tukipaita mahame, angalau tunawatazama watu waliotoka.

Dholuo nayo ina neno gunda. Mwenye boma akifa, wanawe wakatoka kwenda kuanzisha maboma yao, pale pa kale huwa gunda. Lakini gunda haitupwi. Udongo wake una rutuba kwa sababu ya samadi ya miaka mingi, kwa hiyo hulimwa. Makaburi yako pale. Kukizuka mgogoro wa ardhi, gunda ndiyo huitwa kutoa ushahidi: babu fulani alikaa hapa, lango lake lilikuwa upande ule. Mahali pameachwa, ila umiliki na mapenzi havijahama. Sijui neno moja la Kiswahili linalobeba yote hayo, na sioni aibu tukiliazima hili.

Kuna neno la nne ambalo ndilo linaloniwasha zaidi, nalo ni mji. Shuleni tulifundishwa kwamba miji ya kale ya Kenya ni ya Pwani: Lamu, Mombasa, Gede. Bara kulikuwa na vijiji, halafu reli ikafika Kisumu mwaka wa 1901, miji ikaanza. Hata hivyo, Kiswahili chenyewe hakikubali mpaka huo. Mji ni Mombasa, na mji vilevile ni makao ya mtu na jamaa yake; ndiyo maana tunasema mwenye mji. Tena mji ni tumbo la uzazi. Lugha iliyoweka mtaa, nyumba na mimba ndani ya neno moja haiwezi kushindwa kupaita Thimlich mji. Na eneo hilo halina ngome moja tu: watafiti wameorodhesha sehemu 138 zenye maboma ya mawe ya namna hiyo kuuzunguka ukanda ule wa ziwa.

Mtu atauliza, mji wa nani? Swali hili lina moto kidogo. Waliotangulia kujenga si lazima wawe Waluo. Wengi huwataja wasemaji wa lugha za Kibantu waliokuwa pale kabla yao. Waluo walipofika walizikarabati kuta na kukaa, na watu waliendelea kukaa pale hadi karne ya 20. Nionavyo mimi, aliyeinua jiwe lililoanguka akalirudisha mahali pake ana haki ya kukumbuka sawa na aliyeliweka mara ya kwanza. Kule Zimbabwe wakoloni walikataa kwamba Waafrika ndio waliojenga kuta za mawe. Itakuwa ajabu sisi wenyewe tuanze kunyang'anyana zetu.

Takawiri yenyewe inajua habari ya kurithi. Hiki ni kisiwa cha Wasuba, ambao masimulizi yao yanasema mababu walivuka ziwa kutoka upande wa Uganda. Leo wengi wao huzungumza Dholuo, na Olusuba imebaki vinywani mwa wachache. Yule mvuvi ni Msuba, aliniita kwa Dholuo, akanikosoa kwa Kiswahili. Hakuona tatizo lolote.

Thimlich Ohinga ilitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka wa 1981, na UNESCO ikaiingiza katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka wa 2018, miaka 17 baada ya Mji Mkongwe wa Lamu. Hadhi ni ileile. Hata hivyo, mtoto wa Nyatike anayesoma kilomita chache kutoka kuta hizo anaweza kukuchorea ramani ya Gede, ilhali Kochieng hajawahi kuingia. Mwalimu wake akimpeleka, namsihi asimwambie kuwa wanaenda kuona magofu. Amwambie wanaenda mjini, na kwamba langoni ni lazima ainame.