Kisu cha Mzee, Kutoka Solingen Hadi Duarani

Mpwa wangu alinipigia simu kutoka Katoro. Shikamoo mjomba, marahaba, mvua zimenyesha huko, hazijanyesha, kisha akaingia kwenye shida yake: "Mjomba, kile kisu cha babu bado unacho?" Kumbe amepata nafasi na wenzake kwenye duara moja upande wa Nyarugusu, na kiongozi wao kawaambia kila anayeshuka awe na kisu chake. Nikamwambia nitafikiria. Nilipokata simu nikajiona mchoyo, maana kisu chenyewe kiko kwenye kopo la biskuti chini ya kitanda, na kwa mwaka nakigusa labda mara mbili.

Nikakitoa. Ni kisu chembamba cha kukunja, kikiwa kimefungwa kinazidi kiganja kidogo tu. Mpini ni wa mti uliopakwa rangi ya kahawia iliyokolea, umepachikwa nyota na miezi midogo ya bati la njano. Mgongoni pana pete ndogo ya chuma: ukiivuta, lachi inaachia, ndipo kisu kinafungika. Bapa limelika kwa kunolewa miaka mingi hadi limekuwa jembamba kama jani la muwa. Neno lililochongwa juu yake linasomeka kwa tabu, ila linasomeka: OKAPI.

Nadhani wengi wetu tuliokulia Shinyanga tumewahi kuona kisu cha namna hii kwa mzee fulani, bila kuuliza kimetoka wapi. Mimi nimeuliza nikiwa mtu mzima, na majibu yalinifurahisha na kunikera kwa pamoja.

Mwaka 1901 wataalamu wa wanyama kule London walimpa jina la kisayansi mnyama ambaye Ulaya ilikuwa haijamjua: okapi, ndugu wa twiga, mwenye miguu yenye milia kama punda milia. Aliyepeleka ngozi na mafuvu alikuwa Harry Johnston, mkuu wa serikali ya Waingereza Uganda wakati huo. Mnyama mwenyewe anaishi msitu wa Ituri, Kongo, na wenyeji wa msituni walikuwa wakimla na kuvaa ngozi yake tangu zamani, lakini hilo tuliache. Mwaka mmoja tu baadaye, 1902, mafundi wa visu wa Ujerumani walitoa kisu cha kukunja cha bei ya chini, mahususi kwa soko la makoloni yao ya Afrika, wakakipa jina hilo hilo. Yaani mnyama wa Kongo, fundi wa Ujerumani, na mnunuzi ndiye babu yako na babu yangu. Koloni kubwa kuliko yote la Wajerumani Afrika lilikuwa hili letu.

Wakati huo watu wa huku hawakuwa na uhaba wa chuma, na hapa ndipo historia inapouma kidogo. Kusini mwa ziwa, katika nchi ya Wazinza na sehemu ambazo leo ni Geita, walikuwako Warongo, wahunzi ambao hawakufua chuma tu bali walikiyeyusha wenyewe kutoka kwenye mawe. Tanuru lilikuwa na miiko yake, na lilisemwa kwa lugha ya mwanamke anayejifungua. Wasukuma walipata majembe kutoka kwao. Jembe lilikuwa mali: lilitolewa kwenye mahari, lilisafiri na misafara, lilibadilishwa kwa mbuzi na nafaka. Mtu akisema zamani Usukuma tulikuwa wakulima na wafugaji tu, mwambie jembe la mkulima huyo halikuota shambani.

Kisha Wajerumani wakaweka kodi ya nyumba, iliyoanza kukusanywa 1898, na kodi ilitaka rupia. Vyuma vya viwandani vikaja navyo: jembe la kiwandani, shoka, sufuria, kisu. Reli ya Tabora hadi Mwanza ilipokamilika 1928, wakati huo chini ya Mwingereza, ikipita hapa Shinyanga mjini, bidhaa zilifika dukani kwa bei ambayo mtu wa tanuru hawezi kuifikia. Hesabu yake ni rahisi. Kuyeyusha chuma kunakula mkaa mwingi mno na watu wengi kwa siku nyingi. Chuma chakavu kinakuja kimeshayeyushwa. Matanuru yakazimika. Wahunzi hawakufa lakini, na mpaka leo ukienda kwa fundi wa kijijini utamkuta anafua springi za gari bovu kuwa mapanga na visu, na chuma cha springi ni kizuri kweli.

Sasa swali la mpwa wangu. Je, kisu cha kukunja kinafaa nini ambacho kisu cha mhunzi hakifai?

Nianze na mnadani, kwa sababu huko nimekaa zaidi. Pale Mhunze kwenye mnada wa ng'ombe, mchoma nyama hana habari na kisu cha kukunja. Bawaba ndiyo adui yake. Mafuta na damu vinaingia kwenye kiungo, haviogeki, kesho kinanuka na keshokutwa kimegoma. Mpini mwembamba unauma kiganja ukichuna ng'ombe mzima. Kisu cha mhunzi ni kipande kimoja, mkia wake umechomwa ndani ya mti, hakuna cha kulegea. Kwa nyama, mzee wangu mwenyewe hakukitumia hiki chake. Alikitumia kukata kamba ya katani kwenye magunia, kuchonga mswaki wa mti, kumenya chungwa, kutoa miiba miguuni mwetu. Kwa kazi hizo sijaona kinachokishinda, ukiacha wembe, ambao hauna mpini wala huruma.

Chuma chake si cha "stenlesi". Ni chuma cha kaboni, kinachoshika kutu ukikisahau na jasho usiku mmoja, na chungwa linakiachia madoa meusi. Watu wengi wakiona madoa wanadhani ni kibovu. Ila chuma hiki kinanoleka popote. Mawe yetu ya Shinyanga, haya matale yaliyobebana kando ya barabara, yanakitosha: temea mate, vuta mara ishirini, kimerudi. Vile vinavyong'aa vya stenlesi vinavyouzwa na wamachinga Katoro na Kahama vinakaa vizuri machoni, lakini kikishapoteza makali utasugua mpaka jioni.

Hapa niweke neno kuhusu "mchina". Tuna tabia ya kusema cha Mjerumani ni imara na cha Mchina ni feki, kana kwamba iliandikwa mbinguni. Mwaka 1887 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya alama za bidhaa, na miongoni mwa waliolalamika mpaka ikapita walikuwa mafundi visu wa Sheffield. Walilia kwamba Wajerumani wanaingiza visu hafifu vya bei chee, vingine vimebandikwa majina ya Kiingereza. Sheria ikataka bidhaa ya nje iandikwe ilikotoka. Aliyeitwa feki wakati ule alikuwa Mjerumani. Kufikia 1938 mambo yalikuwa yamegeuka kiasi kwamba Ujerumani yenyewe ilitunga sheria kulilinda jina la Solingen, mji wao wa visu, lisitumiwe na wasiostahili. Na Okapi leo haitengenezwi Ujerumani kabisa. Tangu 1988 inatengenezwa Afrika Kusini. Kwa hiyo ukikisifu kisu kwa sababu ya nchi iliyochongwa kwenye bapa, uliza kwanza ni cha mwaka gani.

Narudi Geita. Mzee wangu alifanya kazi mgodini Geita ujana wake, kwenye ule mgodi wa zamani wa chini ya ardhi uliochimbwa tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa 1966, ambao enzi zake ulikuwa mkubwa kuliko migodi yote ya dhahabu Afrika Mashariki. Huu wa sasa ulifunguliwa 2000 kwa mashimo ya wazi, ni habari nyingine. Yeye alikuwa msaidizi wa fundi baruti. Kisu alikinunua dukani kwa mshahara wake, na alikuwa na sababu moja ambayo aliirudia mpaka tukaichoka: utambi.

Utambi wa baruti ni kamba yenye unga wa baruti katikati. Aliyeubuni ni William Bickford, aliyeishi Cornwall kule Uingereza, mwaka 1831, baada ya kuona wachimbaji wakilipuliwa na vitambi vya majani na karatasi ambavyo havikuwa na muda unaojulikana. Wake uliungua kwa mwendo unaohesabika, hivyo mtu aliweza kuwasha na kuondoka. Umeokoa watu wengi sana. Lakini, alisema mzee, utambi hauna akili, akili iko kwenye kisu. Ncha inayoingia kwenye kofia ya kulipulia lazima ikatwe wima, sawasawa, kama unavyokata mkate. Kisu butu kinaponda, unga unamwagika. Ukikata mshazari, ncha inajikunja, pengo linabaki, moto unafika na kuishia hapo. Wanahesabu milio: tano, sita, saba. Wa nane hausikiki. Baruti imelala ndani ya mwamba, na kesho zamu nyingine inakuja na mashine ya kutoboa haijui imelala wapi.

Alituambia alimjua mtu aliyetoboa juu ya iliyolala. Hakuwahi kumalizia hadithi hiyo.

Ndiyo maana alitaka bapa jembamba, lenye makali ya wembe, linalokaa mfukoni bila kumchoma pajani anapopanda ngazi za mgodi. Kisu cha mhunzi cha wakati ule kilikuwa kinene kwa kazi hiyo. Kilifuliwa kukata nyama na fito. Hapo kisu cha Solingen kilishinda kwa haki, na nasema hivyo nikiwa upande wa Warongo. Mbunifu wa bei chee alifikiria soko la koloni, hakufikiria utambi, lakini umbo likaangukia mahali pake.

Je, mpwa wangu ataifanya kazi hiyo? Nilimuuliza. Hapana, baruti wana mtu wao. Yeye ni wa kuvuta mizigo na kufunga matimba, zile nguzo za miti zinazozuia duara lisifumbe. Kazi yake ni kamba na mifuko ya salfeti. Anashuka kwa kamba, mkono mmoja umeshika, mguu unatafuta kidato. Sasa fikiria kamba imemkaba au mfuko umenasa. Mkono ulio huru ni mmoja. Okapi inataka miwili: mmoja ushike mpini, mwingine uvute bapa. Wapo wanaoifungua kwa mkono mmoja kwa kuirusha, na inalia tre-tre-tre ile lachi ikipanda meno, lakini hao wamefanya mazoezi kwa sababu nyingine. Kule Afrika Kusini na hata Jamaika kisu hiki kina sifa mbaya, ni kisu cha wahuni, na mlio wake peke yake ni tishio.

Na vumbi. Vumbi la duarani ni unga wa mawe. Likiingia kwenye kiungo linakwaruza kama msasa, na likichanganyika na tope, bapa halitoki unapolihitaji. Mgodi wa mzee ulikuwa na maji ya kuoshea na karakana yenye mafuta. Duara la Nyarugusu lina ndoo.

Kuna jambo jingine sikulisema kwenye simu. Mzee aliacha kutembea na kisu hiki miaka ya 1980. Sungusungu walikuwa wameanza, upande wa Kahama na Nzega kwanza, halafu huku kote, na mishale yao. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umezidi, vikongwe walikuwa wanauawa kwa mapanga kwa tuhuma za uchawi, kila mtu alimwangalia mwenzake mikononi. Usiku mmoja alitakiwa akikunjue mbele ya watu na aeleze cha nini. Akaeleza, wakamwelewa, akarudi nyumbani akakitia kwenye kopo. Panga lililoua lilibebwa begani mchana kweupe na hakuna aliyeuliza, kwa sababu panga ni la shamba. Kinachojificha mfukoni ndicho kinachoulizwa. Machimboni wanapolala watu mia kwenye maturubai, wanalindana dhahabu na wananywa usiku, kijana wa kugeni mwenye Okapi mfukoni ataulizwa pia, na sijui kama wataelewa.

Basi nikaenda kwa mhunzi. Ni kijana, hana tanuru la mababu, ana feni ya umeme inayopuliza mkaa, na springi za Fuso zimejaa uani. Nilimchorea chini kwa kijiti: kifupi, kipana, ncha butu isimchome akiteleza, mpini wenye tundu la kupitisha kamba afunge kiunoni, na ala ya ngozi anayoweza kuchomoa kwa mkono mmoja. Akaniuliza kwa nini nisinunue cha dukani. Nikamwonyesha Okapi. Aliifungua na kuifunga mara nne tano, akasikiliza lachi, akakuna bapa kwa ukucha, akasema chuma safi, ila springi hii ya mgongoni ikivunjika yeye hawezi kuitengeneza. Chake alinitoza elfu nane na ala yake.

Nilikipeleka stendi, kikasafiri na basi la kupitia Kahama na Kakola. Mpwa wangu alipiga siku ya tatu. Kisu kizuri, mjomba, wenzangu wanataka namba ya fundi. Kikatokea kimya kidogo. "Na kile cha babu?"

Nikamwambia nimekipaka mafuta ya cherehani, kipo kwenye kopo, aje kukifuata mwenyewe Desemba.