Kifaa cha kurekebisha mzunguko wa fimbo ya gofu: kununua au kujiundia?

MTU anayejifunza gofu akiwa Kapedo, Lodwar au Kakuma hukosa kitu kimoja ambacho mwanachama wa Muthaiga au Karen hukipata kwa kulipia saa moja tu, nacho ni jicho la mwalimu. Mkazi wa Lodwar anayetaka kiwanja cha nyasi hana budi kusafiri takriban kilomita 300 hadi Kitale. Yule wa Kapedo hupitia Marigat akielekea Nakuru, na hiyo ni iwapo barabara ni salama siku hiyo. Mji huo mdogo ulio mpakani mwa Turkana na Baringo, wenye chemchemi za maji moto chini ya mlima Silali, umekuwa ukitajwa magazetini kwa sababu za huzuni zaidi kuliko za michezo, hasa tangu maafisa wa polisi walipouawa huko mwaka wa 2014.

Mahali kama hapo, kifaa cha mazoezi ndicho huwa mwalimu. Kikiwa kibaya, mwanafunzi atarudia kosa lilo hilo mara elfu, na kosa lililorudiwa mara elfu huchukua miaka kung'oka. Ndiyo maana inafaa kujua mapema kifaa kinapaswa kufanya kazi gani, kabla ya kutoa pesa au kukata bomba.

Fimbo ya gofu inapozungushwa, kichwa chake huchora duara lisilosimama wima wala kulala chini, bali lililoinama mshazari kutoka kwenye mpira kuelekea mabegani mwa mchezaji. Katika hisabati, uso ulionyooka wa namna hiyo huitwa bapa. Mmarekani Ben Hogan ndiye aliyelieneza wazo hili kwa umma katika kitabu chake cha 1957, Five Lessons, alipowataka wasomaji wafikirie kioo kikubwa kilichoegemezwa mabegani mwao, kikianzia kwenye mpira. Tangu hapo waundaji wa vifaa wamekuwa wakijaribu kukigeuza kioo hicho cha fikra kuwa kitu cha kushikika.

Mwinamo wa bapa hutegemea urefu wa fimbo na kimo cha mtu. Fimbo ya chuma nambari 7, ambayo kwa kawaida huwa na urefu wa sentimita 94 hivi, ikilazwa sawasawa ardhini mpini wake husimama kwa nyuzi zinazokaribia 62. Dreva, iliyo ndefu zaidi, hulala zaidi. Mtoto wa miaka kumi na mwalimu wake hawawezi basi kutumia kipimo kimoja, na hapo ndipo vifaa vingi vya dukani huanza kushindwa.

Kwa mchezaji wa mkono wa kulia, kosa la kawaida ni fimbo kushuka ikitokea nje ya bapa, ikaukata mpira kuelekea upande wa miguu yake. Mpira huanza kushoto kisha hukunja kulia, mara nyingine hadi vichakani. Fimbo ikishuka imelala mno ikitokea ndani, mpira huweza kukunja kushoto, au kichwa cha fimbo hugonga ardhi kabla ya kuufikia mpira.

Lakini msomaji asidanganyike na matangazo. Vipimo vya rada vilivyoenea katika miongo miwili iliyopita vimeonyesha kwamba uso wa fimbo, yaani unakoelekea wakati wa mgongano, ndio unaoamua sehemu kubwa ya mwelekeo wa kwanza wa mpira. Njia ya fimbo ikilinganishwa na uso huo ndiyo inayoupa mpira mkunjo. Mgongano wenyewe hudumu kwa nusu ya elfu moja ya sekunde. Kifaa cha bapa hushughulikia njia peke yake. Anayekuahidi kwamba kitanyoosha mapigo yako yote anakuuzia nusu ya ukweli kwa bei ya ukweli mzima.

Vifaa vya dukani ni vya aina nyingi. Kuna pete kubwa iliyoinamishwa ambayo mchezaji husimama ndani yake na kuupitisha mpini juu yake, mfano wake maarufu ukiwa Explanar ya mwalimu Mwingereza Luther Blacklock. Kuna fimbo zenye kiungo kinachovunjika mwendo ukikosewa, na kuna vimulimuli vya leza vya kufungwa kwenye mpini. Pia kuna vijiti virefu vya kuchomeka ardhini, ambavyo ndivyo rahisi kuliko vyote na ndivyo utakavyowaona navyo wachezaji wa kulipwa uwanjani mwa mazoezi.

Pete ndiyo ninayoihofia zaidi kwa mnunuzi wa Turkana. Kwanza, ni lazima irekebishwe kwa kila kimo. Pili, eneo hilo lina upepo mkali mno. Si bure kwamba mitambo 365 ya kuzalisha umeme wa upepo ilisimikwa ng'ambo ya Ziwa Turkana, upande wa Marsabit. Pete nyepesi ya plastiki hutikisika kwa upepo, na kipimo kinachotikisika si kipimo. Tatu, pete hudai kwamba fimbo ibaki katika bapa moja tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mabingwa wenyewe hawalifanyi. Mmarekani Jim Furyk huipandisha fimbo karibu wima kisha huiangusha kwa kitanzi cha kushangaza, na kwa mtindo huo alishinda mashindano ya wazi ya Marekani mwaka wa 2003. Kilicho muhimu ni jinsi fimbo inavyoshuka na kuufikia mpira.

Kuna sababu ya nne, nayo ndiyo nzito kuliko zote. Mwaka wa 1984 watafiti Salmoni, Schmidt na Walter walichapisha mapitio ya tafiti nyingi kuhusu namna mwili unavyojifunza mwendo. Walieleza kwamba mtu anayepewa mwongozo kila mara hufanya vizuri wakati mwongozo upo, lakini hudhoofika unapoondolewa, kwa kuwa ameutegemea badala ya kujifunza. Pete humshika mkono mwanafunzi asikosee. Kifaa kinachofaa humwacha akosee, kisha humwonyesha alipokosea.

Kwa kipimo hicho, kifaa bora zaidi Turkana hakiuzwi popote. Ni mchanga. Katika nchi za nyasi, wachezaji hulipia mikeka maalumu inayoonyesha alama ya fimbo. Lodwar na Kapedo zimejaa laga zenye mchanga safi unaofanya kazi iyo hiyo bila malipo. Chora mstari mnyoofu kuelekea shabaha, simama kana kwamba mpira uko juu ya mstari huo, kisha zungusha fimbo nambari 7 au weji kwa nusu ya nguvu bila mpira. Tazama mfereji uliochimbika. Ukivuka mstari kuja upande wa miguu yako, fimbo ilitoka nje ya bapa. Ukivuka kwenda mbali na miguu, ilitoka ndani mno. Ukifuata mstari au ukauvuka kidogo tu, endelea vivyo hivyo.

Kisha chora mstari wa pili unaoukata ule wa kwanza, katikati ya miguu yako. Mfereji unapaswa kuanzia kwenye mstari huu na kwenda mbele kuelekea shabaha. Ukianzia nyuma yake, uzito wa mwili wako ulibaki kwenye mguu wa kulia, na hakuna bapa litakaloponya hilo.

Mchanga mkavu huporomoka na kufuta alama, hivyo fanya mazoezi alfajiri, au ondoa tabaka la juu hadi ufikie ule wenye unyevu kidogo. Maji ya Turkana si ya kumwagia mchanga wa mchezo. Okota mawe kwanza, kwa sababu jiwe likipigwa na chuma huruka kama risasi. Na usikae lagani mawingu yakitanda milimani, hata kama ulipo hakujanyesha. Mafuriko ya laga hayapigi hodi.

Baada ya mchanga ndipo huja kijiti. Nunua bomba la plastiki la maji la nusu inchi katika duka la vifaa vya ujenzi, Lodwar au Kakuma, na ukate kipande cha mita 1.2. Kipande cha sponji ya godoro kuukuu kizungushwe juu yake na kufungwa kwa ukanda wa mpira wa ndani wa baiskeli. Sponji si urembo. Fimbo itakigonga kijiti hiki mara nyingi, na kazi yake ni kugongwa bila kumuumiza mtu. Kwa sababu hiyo usitumie nondo kamwe, hata kama inapatikana bure kwenye jengo linalojengwa. Chuma kikigongana na chuma, mpini huvunjika na kifundo cha mkono huteguka. Mti wa mathenge nao ni mgumu na una miiba mibaya, na shina la jani la mkoma, lililo jingi kando ya maji, lina miiba iliyopinda kama meno ya msumeno. Ukilazimika kutumia mti, tafuta tete au ufito mwembamba ulionyooka, uukwangue, na uuvishe sponji vilevile.

Kijiti kichomekwe mita moja hivi nyuma ya mpira, upande ulio mbali na shabaha, kiasi cha sentimita 20 nje ya mstari wa shabaha, yaani upande usio na miguu yako. Fukia sentimita 20 zake. Kisha kiinamishe kuja upande wako kwa mwinamo ule ule wa mpini wa fimbo yako. Njia rahisi ni kumwomba mwenzako ashike fimbo ikiwa imelala sawasawa mahali pa mpira, nawe usimame nyuma na kuvilinganisha viwili kwa jicho. Kama uko peke yako, tumia utepe wa kupimia: kwa nyuzi 62, kila sentimita 100 za kwenda juu zinahitaji sentimita 53 za kwenda kando. Ukikiweka vyema, fimbo itapita chini ya kijiti ikipanda na ikishuka. Ikishuka kwa kosa lile la kutoka nje, itagonga sponji, nawe utakuwa umejua bila kuambiwa.

Anza polepole, bila mpira. Piga mara tatu kijiti kikiwapo, kisha kiondoe upige mara tatu bila, ukisoma alama ya mchanga. Jua la Lodwar hulikunja bomba la plastiki na hatimaye kulifanya livunjike kama biskuti, kwa hiyo lirudishe kivulini kila umalizapo. Bomba lililopinda litupe, kwani linafundisha upinde.

Usiku nao usipotezwe. Pale ambapo umeme haujafika, giza lenyewe ni msaada. Funga tochi ndogo mwishoni mwa mkamato wa fimbo, mwanga ukielekea nje kwa mstari wa mpini, na utandaze kamba ardhini kupita mahali pa mpira kuelekea shabaha, ikiendelea pia nyuma. Pandisha fimbo taratibu hadi mkono wa kushoto uwe sambamba na ardhi. Doa la mwanga linapaswa kuangukia kwenye kamba au karibu nayo. Likianguka kati ya kamba na miguu yako, fimbo imesimama mno; likianguka ng'ambo ya kamba, imelala mno. Hili halihitaji mpira wala nafasi kubwa.

Simu yenye kamera ni msaada wa tatu. Wakenya wanamkumbuka Julius Yego, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za YouTube kisha akawa bingwa wa dunia jijini Beijing mwaka wa 2015 kwa mtupo wa mita 92.72. Hata hivyo, picha hudanganya kamera ikiwekwa vibaya. Iwekwe nyuma ya mchezaji, kwenye kimo cha mikono yake, ikitazama sambamba na mstari wa shabaha na ikiwa sawa na mikono. Ikisogezwa kuelekea upande wa mpira au wa miguu, fimbo iliyo sawa itaonekana imesimama au imelala, na utarekebisha kisichoharibika.

Kwa walimu watakaotaka kuwafundisha watoto wengi kwa kijiti kimoja, mwinamo ubadilishwe kwa kila kundi la kimo, na fimbo zikatwe ziwafae; mtoto anayeshika fimbo ya mtu mzima huilaza mno kwa sababu hana njia nyingine. Wapangwe kwa safu moja, wakitenganishwa na mita nne au zaidi, na yeyote asivuke mbele kuokota mpira kabla ya wote kuziweka fimbo chini.

Jambo la mwisho ni la kisheria. Sheria za gofu zilizoanza kutumika mwaka wa 2019 zinaruhusu vifaa hivi mazoezini pekee. Kanuni ya 4.3 inakataza kutumia kifaa cha kusaidia mzunguko wakati wa raundi. Kosa la kwanza huleta adhabu, ambayo katika mchezo wa kuhesabu mapigo ni mapigo mawili, na la pili humwondoa mchezaji mashindanoni. Mwanafunzi wa Turkana atakayefika Kitale au Nakuru kwa shindano lake la kwanza aache bomba lake kwenye gari.