Maneno ya Uraia Yametoka Wapi?

Unapomwambia mwenzako hapa Bujumbura kwamba unakwenda shule, unatamka neno la Wayunani. Kwao, "skhole" lilikuwa faragha, yaani wakati usio na kazi, ambao mtu huru aliutumia kujadiliana na wenye maarifa. (Wanafunzi wenye mitihani watalicheka.) Warumi wakasema "schola", Wajerumani "Schule", na Kiswahili kikalipokea katika enzi za Afrika Mashariki ya Kijerumani. Kirundi nacho husema "ishure". Mwaka 1916 Wabelgiji waliwaondoa Wajerumani Usumbura, kama mji wetu ulivyoitwa, wakaleta Kifaransa. Lakini "école" haikuling'oa neno lililotangulia.

Hata hivyo Kifaransa kiliacha alama. "Leta", jina la serikali kwa Kirundi, ni "l'État", na kile kijineno cha mwanzo kimegandia humo humo. "État" lenyewe ni "status" ya Kilatini, lenye asili ya kusimama.

Neno linalonisumbua zaidi ni "raia". Tumelipata kwa Waarabu, ambao kwao lilihusu mifugo inayochungwa, kisha watu walio chini ya mtawala. "Siasa" nayo ina undugu na kazi ya kutunza na kufunza farasi. Mchungaji na kundi lake, mfunzaji na mnyama wake! Wayunani walianzia kwingine: "polis" ni mji, na "polites" ni mtu wa mji mwenye haki ya kusema katika mkutano wake. Humo ndimo lilimochipuka neno la Kifaransa "politique", na hata "polisi" wetu. Tusiwasifu kupita kiasi, kwani wanawake, watumwa na wageni hawakuhesabiwa.

Kirundi kina "umunyagihugu", mtu wa nchi, jirani wa karibu wa "mwananchi". Mimi hulipendelea hilo ninapofundisha, ingawa vitabu vya sheria hushikilia "raia".

Tazama pia "kura". Kwa asili yake ya Kiarabu, ni kuamua jambo kwa bahati. Kirundi husema "amatora", kutokana na "gutora": kuokota, kuchagua. Tarehe 18 Septemba 1961, Warundi walipowachagua wabunge, miezi tisa kabla ya uhuru, asili ya neno la Kiswahili iliwaonyesha wakibahatisha. Ile ya Kirundi iliwaonyesha wakiokota waliowataka.