Makaa ya Mgunga

Mtu achomaye nyama hana haja na moto wa kurukaruka. Ahitaji kaa zito, liwakalo taratibu bila moshi wala cheche. Kaa la mti mwepesi hushika upesi, hupasuka, kisha huwa jivu kabla mbavu hazijaiva. La mgunga hudumu. Mti huo hukua polepole katika nchi kavu, nao hukaza nyuzi zake. Hata ukiokwa katika tanuri la udongo, ugumu wake hauishi wote. Lakini tanuri hilo ni lafi: kilo 1 ya makaa huweza kumaliza kilo 5 hadi 10 za kuni.

Sifa hiyo njema ndiyo iliyouponza mgunga wa Somalia, ambao wenyeji huuita galool. Wafugaji wa ngamia waliipinda mizizi yake wakaifanya kiunzi cha nyumba zao za kuhamahama, na wanyama wakapata kivuli na malisho. Ng'ambo, katika nchi za Ghuba, ambako kuni ni haba, watu waliyapenda mno makaa yake kwa kuchomea nyama na kwa viko vya maji. Serikali kuu ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, mti ukakosa mlinzi. Majahazi na meli zikapakia magunia Kismayu, na baadaye kundi la Al-Shabaab likajipatia fedha nyingi kwa kuyatoza ushuru.

Mwezi wa Februari 2012 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipiga marufuku biashara hiyo. Miezi michache baadaye majeshi ya Kenya, pamoja na Wasomali walioshirikiana nayo, yaliingia Kismayu na kukuta malundo makubwa ya magunia. Je, yalibaki pale? La! Wachunguzi wa Umoja wa Mataifa waliandika kwamba makaa yaliendelea kuvuka bahari, mara nyingine kwa hati za uongo zilizotaja nchi nyingine kuwa ndiko yalikotoka.

Ni rahisi kumlaumu mwenye shoka. Mimi siwezi kumlaumu peke yake, kwa maana miongoni mwa waliokata walikuwamo wafugaji wenyewe, waliofiwa na mifugo yao wakati wa ukame. Mgunga mkubwa ulipoadimika, wakaanza kukata michanga.