Pakiti za vifaa vya kujifungulia: namna zinavyopaswa kuhesabiwa katika mfumo wa stoo

Pakiti ya vifaa vya kujifungulia ni bidhaa kadhaa zinazotolewa kwa mjamzito kwa pamoja, zikiwemo glovu, pamba, wembe, kibanio cha kitovu na mpira wa kutandika kitandani. Katika kumbukumbu za stoo pakiti huweza kuandikwa kama bidhaa moja. Kwa mkunga ni bidhaa nyingi, na ikikosekana moja, pakiti haijakamilika.

Jambo hili lina uzito wa pekee katika Milima ya Uluguru, mkoani Morogoro, yenye vilele vinavyozidi mita 2,600. Kwa mwananchi wa Mgeta, wilayani Mvomero, au wa Matombo, katika Wilaya ya Morogoro, safari ya kufuata kifaa kilichokosekana mjini Morogoro huwa ngumu zaidi wakati wa masika, kati ya Machi na Mei. Sera ya Afya ya mwaka 2007 inaelekeza huduma za uzazi zitolewe bila malipo katika vituo vya umma, lakini stoo inapopungukiwa, gharama huirudia familia.

Chimbuko la mfumo

Utaratibu wa kusambaza bidhaa za afya kwa pakiti si mgeni nchini. Katika miaka ya 1980, kupitia Mpango wa Dawa Muhimu uliosaidiwa na UNICEF na Denmark, zahanati na vituo vya afya vilipokea makasha ya dawa yaliyopangwa yaliyomo tangu awali. Utaratibu huo ulifikisha dawa vijijini, ila yaliyomo hayakulingana daima na mahitaji ya kila eneo: baadhi ya dawa ziliisha mapema, nyingine zikabaki hadi muda wake ukapita. Baadaye vituo vilianza kuagiza kulingana na matumizi yao kutoka Bohari ya Dawa (MSD), iliyoanzishwa kwa Sheria Na. 13 ya mwaka 1993, na taarifa za maagizo zikaingizwa katika mfumo wa kielektroniki wa ugavi, eLMIS.

Njia mbili za kuhesabu

Programu za stoo hushughulikia pakiti kwa njia mbili. Ya kwanza ni pakiti iliyofungwa tayari, yenye namba yake katika mfumo. Inapofungwa, kila kilichomo hupunguzwa kwenye salio lake ili kisihesabiwe mara mbili. Ya pili ni pakiti ya orodha tu: vifaa hubaki rafuni kila kimoja na salio lake, na mfumo huvipunguza vyote kwa pamoja pakiti inapotolewa.

Katika njia ya pili, idadi ya pakiti huamuliwa na kifaa kilicho kichache zaidi. Kwa mfano, ikiwa kila pakiti inahitaji jozi 2 za glovu, wembe 1, mpira 1 na kibanio 1, na stoo ina jozi 60 za glovu, nyembe 40, mipira 25 na vibanio 12, pakiti zinazoweza kutolewa ni 12 tu. Agizo linalofaa ni la vibanio. Kuagiza pakiti nzima kutaongeza glovu na nyembe ambazo tayari zipo.

Mambo ya kuzingatia

Pakiti ikifunguliwa kwa dharura ili kutoa glovu peke yake, mtunza stoo anapaswa kuifuta pakiti hiyo katika mfumo na kurejesha vifaa vilivyobaki kwenye salio la kila kimoja. Asipofanya hivyo, mfumo utaonesha pakiti kamili ambayo kwa kweli ina upungufu.

Tarehe ya mwisho wa matumizi ya pakiti ni ile ya kifaa kinachowahi kuisha muda. Namba ya toleo la kila kilichomo nayo ihifadhiwe, kwa kuwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA) inapoagiza toleo fulani liondolewe sokoni, kituo kinatakiwa kujua limo katika pakiti zipi.

Dawa ya oksitosini, inayozuia mama kutokwa damu nyingi baada ya kujifungua, huhifadhiwa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8 za Selisiasi. Kwa hiyo haipaswi kufungwa pamoja na vifaa vya rafuni. Mfumo unaweza kuiunganisha na pakiti kwa orodha, huku dawa yenyewe ikibaki kwenye jokofu.

Nafasi ya wananchi

Wananchi wana wawakilishi katika kamati za usimamizi wa vituo vya kutolea huduma za afya, ambazo hushiriki kupokea na kuhakiki bidhaa zinazofika. Uhakiki wa pakiti haukamiliki kwa kuhesabu maboksi. Baadhi yafunguliwe, yaliyomo yalinganishwe na orodha, na upungufu uandikwe kwenye hati ya mapokezi siku hiyohiyo, kabla mjamzito hajafika kituoni.