Ngano Inapotoa Siri

Sisi waandishi hudhani asiyeandikwa amepotea. Mimi sikubali. Warumi walitawala Uingereza tangu mwaka 43 hadi 410 hivi, na vitabu vyao vimejaa majemadari. Mkulima wa huko shamba hana hata mstari. Ukaja ukame wa 2018. Watafiti waliokuwa ndegeni wakaona michoro mashambani: penye mtaro wa kale uliofukiwa, udongo hushika maji na ngano hubaki kijani, penye msingi wa mawe hunyauka mapema. Boma zima, jamani, kuta na zizi!

Ila michoro haitaji umri. Vigae ndivyo vinataja: vile vyekundu ving'aavyo, vilivyofinyangwa Gaul, Ufaransa ya leo. Vingine vina muhuri wa mfinyanzi. Vingine vimetobolewa na kuungwa kwa madini ya risasi. Sahani ilivunjika, mwenyewe akakataa kuitupa.