Pazia Nyuma ya Malkia: Kuisoma Picha kama Tamthilia

Katika makala hii tunamjadili Cecil Beaton (1904–1980), mpiga picha wa watu mashuhuri wa London, ambaye pia alikuwa mbunifu wa maleba na mandhari ya jukwaani. Alipata Tuzo za Oscar kwa filamu za Gigi (1958) na My Fair Lady (1964). Hata hivyo, kazi yake iliyoenea zaidi ni picha rasmi ya Elizabeth II siku ya kutawazwa kwake, tarehe 2 Juni 1953. Malkia anaonekana kana kwamba yumo katika kanisa la Westminster Abbey. Ukweli ni kwamba picha ilipigwa katika Kasri la Buckingham, na kanisa lile lilikuwa pazia tu nyuma yake. Beaton aliyahamisha maarifa ya jukwaa: taji, vazi, mwanga na pazia vikajenga mamlaka.

Sisi wa West Nile, kuanzia Kuluva na Arua hadi Koboko, tuna sababu ya pekee ya kulizingatia jambo hili. Idi Amin, ambaye asili ya baba yake ni Koboko, naye aliijua nguvu ya jukwaa. Mwaka 1975, Kampala ilipokuwa mwenyeji wa mkutano wa OAU, alibebwa kitini na wafanyabiashara Waingereza mbele ya kamera. Mchezo ulikuwa ule ule wa kikoloni. Waigizaji ndio waliobadilishana nafasi.

Mwaka 2015, katika Shirika la Utangazaji la Uganda, zilipatikana negativu zipatazo 70,000, nyingi zikiwa za enzi hiyo. Baadhi zilionyeshwa katika Jumba la Makumbusho la Uganda mwaka 2019. Zimejaa mikutano, gwaride na sherehe. Mateso ya vyumba vya siri hayamo. Aidha, maelfu ya watu wetu waliokimbilia Sudan na Zaire baada ya utawala huo kuanguka mwaka 1979 hawakuwekewa pazia na yeyote. Lakini ni kwa picha za mtu mmoja ndipo wengi wametuhukumu sisi sote.

Hivyo basi, tunawahimiza wanafunzi wetu wa tamthilia waulize mbele ya kila picha: Nani alitundika pazia? Nani alichagua maleba? Na nani aliachwa nje?